KANI, UZITO NA UWEZO: ISTILAHI ZA KIIGAMWENDO

Miongoni mwa maneno yanayomtatiza mfasiri wa maandishi ya ufundi, ni machache yanayobebeshwa mzigo mzito kama neno "nguvu". Mtu huwa na nguvu, mota huwa na nguvu, dawa huwa na nguvu, na sheria nayo hutiwa nguvu. Katika mazungumzo jambo hilo halina ubaya. Lakini katika maelezo ya mtambo, neno moja likisimama mahali pa dhana tatu, msomaji atanunua kifaa kisichomfaa, au ataunda mtambo utakaomwangusha. Tumechagua kulieleza jambo hili kwa mfano wa chombo ambacho siku hizi baadhi ya watu hujiundia majumbani, nacho ni kiigamwendo.

Kiigamwendo, neno tuliloliunda kwa kigezo cha "kipimajoto", ni jukwaa lenye kiti, linaloinuliwa na kuinamishwa ili aketiye ahisi kana kwamba anaendesha gari au ndege. Asili yake si ya jana. Mnamo mwaka 1929 Edwin Link wa Marekani alikuwa amekwisha kuunda chombo cha kufunzia marubani kilichotikiswa kwa mivukuto, ufundi alioupata katika kiwanda cha vinanda cha baba yake.

Kifaa kinachosukuma jukwaa twapendekeza kiitwe "kisukumio". Aina itumikayo sana majumbani ni parafujo ndefu inayozungushwa na mota ya umeme. Fundi wa gereji atakitambua mara moja kuwa ni ndugu wa jeki.

Tuseme jukwaa, kiti na mtu vina tungamo la kilogramu 160. Uzito wake ni kani ya mvutano wa dunia, yaani 160 mara 9.8, sawa na nyutoni 1,568. Visukumio vinne vikigawana sawasawa, kila kimoja hubeba nyutoni 392. Hiyo ni kani ya kulishikilia jukwaa tu. Kulirusha juu kwa mchapuko wa nusu ya ule wa mvutano wa dunia kwahitaji kani zaidi: 160 mara 14.7, yaani nyutoni 2,352, au 588 kwa kila kisukumio. Tena, kama meza ya miguu minne iyumbavyo sakafuni, jukwaa lililo gumu laweza kuegemea visukumio viwili vya pembe zinazokabiliana. Hapo kila kimoja hubeba nyutoni 1,176. Hesabu ifaayo ni hii ya mwisho, wala si ile ya kwanza.

Sasa tuitazame mota. Mota ya wati 750, izungukayo mara 3,000 kwa dakika, hutoa momenti ya nyutoni-mita 2.4 hivi. Ikizungusha parafujo isogezayo milimita 5 kwa kila mzunguko, na sehemu moja katika kumi ikapotea kwa msuguano, kani yake hufikia nyutoni 2,700 hivi, na mwendo wake milimita 250 kwa sekunde. Parafujo ikiwa ya milimita 10, kani hupungua kwa nusu, na mwendo huongezeka maradufu. Mota ni ile ile, na wati ni zile zile.

Hapa ndipo tofauti inapodhihirika. Wati hupima uwezo, ambao ni kani mara mwendo. Hazimwambii mtu kisukumio kitainua mzigo gani. Anayeandika "mota yenye nguvu ya 750" hajamwambia mnunuzi kama kiti kitainuka.

Kwa hiyo twapendekeza: tungamo lipimwe kwa kilogramu; kani, pamoja na uzito ulio aina yake, kwa nyutoni; momenti kwa nyutoni-mita; na uwezo kwa wati. Neno "nguvu" tuliachie mazungumzo, ambako halimdhuru mtu. Na kila mwandishi wa maelezo ya ununuzi au mwalimu aandikapo tarakimu, aambatanishe kipimo chake. Kwani kipimo ndicho shahidi wa istilahi.