MAWE JUU YA BARAFU: YANAILA AU YANAILINDA?

Mwezi uliopita mzee mmoja alifika ofisini kwetu kuuliza habari za mbolea. Alipokuwa akingoja zamu yake aliona kwenye kalenda picha ya mlima Everest, na chini yake bonde lililojaa mawe ya kijivu. Nikamweleza kuwa chini ya mawe yale mna barafu nene. Akastaajabu, akasema, "Karani, mwanangu, hebu nifahamishe. Mawe hayo yanaila barafu, au yanailinda?"

Swali hilo ni jema, na jibu lake ni kwamba mawe hufanya yote mawili. Linaloamua ni unene wake.

Mawe hayo yatoka wapi?

Barafu ya milimani haitulii mahali pamoja. Theluji hulundikana mwaka baada ya mwaka, hushindiliwa na uzito wake ikawa barafu, kisha huteremka bondeni polepole kama uji mzito. Katika milima ya Nepal na Pakistan, majabali ya kandokando hupasuka na kuangukia juu yake. Mengine huzikwa ndani, na barafu ikiyeyuka kule chini, hubaki juu. Ndiyo sababu Khumbu, mto wa barafu ulio chini ya Everest, ni mweupe upande wa juu, lakini upande wa chini mgeni hudhani anatembea katika machimbo ya kokoto.

Machache hudhuru, mengi hulinda

Barafu safi ni nyeupe, nayo hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Vumbi au changarawe kidogo ikiwa juu yake, weusi ule hunywa joto la jua, na kwa kuwa tabaka ni jembamba, joto hufika chini upesi. Barafu hiyo huyeyuka haraka kuliko ikiwa wazi.

Lakini tabaka likizidi sentimita chache, mambo hugeuka. Mawe ya juu hupata moto mchana, lakini joto hukawia njiani, na usiku sehemu kubwa yake hurudi hewani. Mawe yakifika unene wa mita 1, barafu huyeyuka kidogo sana. Mtaalamu Gunnar Østrem alilipima jambo hili nchini Sweden na kuliandika mwaka 1959, na waliomfuata wameona vivyo hivyo katika milima mingi.

Mkulima atalielewa upesi. Nyasi kavu zikitandazwa haba kati ya mibuni, udongo hukauka. Zikiwa nene, unyevu hubaki. Tofauti ni moja tu: nyasi chache hazidhuru udongo, bali mawe machache huidhuru barafu.

Blanketi lenye matundu

Je, barafu iliyofunikwa imesalimika? La. Mawe hayakai sawasawa. Mahali huporomoka na kuacha kuta za barafu wazi; mahali pengine maji hukusanyika yakawa mabwawa. Kuta hizo na mabwawa hayo huila barafu kwa kasi. Tena, barafu mpya itokayo juu imepungua. Kwa hiyo vipimo vya setilaiti vimeonyesha kuwa katika sehemu nyingi za Himalaya barafu yenye mawe hupungua unene karibu sawa na ile isiyo na mawe.

Mabwawa hayo yana hatari nyingine. Mahali paitwapo Imja, karibu na Everest, katika miaka ya 1950 palikuwa na mabwawa madogo tu juu ya mawe. Yaliungana, yakawa ziwa kubwa lililozuiwa na tuta la mawe na barafu. Tuta kama hilo likivunjika, maji hushuka ghafula na kuchukua madaraja, nyumba na mashamba ya viazi. Basi mwaka 2016 jeshi la Nepal lilichimba mfereji, likapunguza kina cha maji kwa zaidi ya mita 3.

Na Mlima Kenya je?

Barafu yetu haina blanketi nene la mawe. Ile iitwayo Lewis ilipoteza yapata sehemu 9 katika kila 10 za ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Hatuwezi kupanda kuifunika. Lakini maji mengi ya mito itokayo mlimani hutokana na mvua, na msitu ndio unaoyashika yasipotee mara moja. Kwetu sisi blanketi ni msitu, na blanketi hilo laweza kutunzwa kwa mikono yetu. Tusilitoboe kwa shoka na moto.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimeelewa. Kufunika kidogo si kufunika." Akachukua karatasi yake ya mbolea, akaenda zake.