Ovaloki ya nyumbani: ununue, au uendelee kupeleka nguo mjini?

Mama mmoja fundi cherehani kutoka wilaya ya Kilosa ametutumia ujumbe wa simu. Zamu yake ya kukopa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa imefika mwezi huu, na anataka kununua mashine ya ovaloki aiweke nyumbani, pembeni ya cherehani yake ya kukanyaga. Mumewe anasema heri fedha hiyo wanunulie mbegu na mbolea. Mama anauliza: ovaloki itanilipa?

Hatuwezi kumjibu ndiyo wala hapana bila kuona daftari lake la kazi. Tunachoweza ni kueleza jinsi ya kulipata jibu, kwa sababu ujumbe wa namna hii hutufikia kila mwaka msimu wa sare za shule ukikaribia.

Kwanza, kwa asiyeijua mashine yenyewe. Kitambaa kikikatwa, nyuzi za ukingoni huanza kuchomoka, na nguo ikifuliwa mara kadhaa mshono unafumuka. Ovaloki hufanya mambo mawili kwa pamoja: kisu kidogo kinanyoosha ukingo kwa kuukata, na nyuma yake nyuzi zinauzungukia na kuufunga. Haina bobini. Uzi wote unatoka kwenye koni, tatu kwa mashine ndogo, nne au tano kwa kubwa. Ovaloki ya kiwandani hupiga zaidi ya mishono 5,000 kwa dakika, ndiyo maana suruali inayokula nusu saa kwa mkono hapo inaisha ndani ya dakika chache.

Lakini haichukui nafasi ya cherehani. Haitoboi tundu la kifungo, haiweki zipu, haishoni katikati ya kitambaa. Ni mashine ya ukingo tu. Anayeinunua akitegemea itashona gauni kuanzia mwanzo hadi mwisho atakuwa amenunua nusu ya mashine.

Tena si kila nguo inaihitaji. Kitenge kizuri kimefumwa kwa kubana na hakichomoki upesi. Ukikata ukingo wake kwa mkasi wa meno, au ukikunja mshono mara mbili ndani, wateja wengi wa kijijini hawalalamiki. Tetroni ya sare ndiyo inayochomoka vibaya. Fulana na jezi nazo zinahitaji mshono unaovutika, ambao cherehani ya kukanyaga yenye mshono ulionyooka haiwezi kuutoa. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: kwenye meza yako kuna nini zaidi, vitenge au sare?

Sasa twende kwenye daftari. Chukua mwezi wa kawaida. Usichukue Januari. Januari inadanganya: shule zinafunguliwa, kila mzazi yuko mlangoni, na fundi anajiona tajiri. Chukua Aprili au Septemba. Hesabu nguo ulizopeleka mjini kupigwa ovaloki, ulilipa kiasi gani kwa kila nguo, na bodaboda ilikula kiasi gani.

Tuseme, kwa mfano tu, ni nguo 20 kwa mwezi na kila moja shilingi 500. Hiyo ni 10,000. Unakwenda mjini mara moja kwa wiki kwa nauli ya 4,000 kwenda na kurudi. Kwa mwezi 16,000. Jumla 26,000. Ukiwa na mashine yako utanunua uzi, mafuta na umeme, tuseme 6,000. Unabaki na 20,000 kwa mwezi. Kama ovaloki pamoja na meza na mota yake ni 600,000, itachukua miezi 30 kurudisha fedha yake. Desemba na Januari zitapunguza miezi kadhaa, lakini si mingi kama unavyofikiri.

Hapo kuna mtego ambao wengi hawauoni. Angalia sehemu kubwa ya hiyo akiba imetoka wapi: nauli. Je, mjini ulikuwa unakwenda kwa ajili ya ovaloki peke yake? Kama ulikuwa ukirudi pia na zipu, vifungo, bitana na uzi, safari haitakufa kwa sababu umenunua mashine. Safari zikibaki mbili kwa mwezi, akiba yako si 20,000 tena, ni 12,000. Na miezi 30 inageuka 50, yaani zaidi ya miaka minne.

Halafu mkopo. Tuseme kikundi kinatoza asilimia 10 na kinataka fedha irudi ndani ya miezi sita. Ni 660,000, sawa na 110,000 kila mwezi. Mashine inaleta 20,000. Hizo 90,000 nyingine zitatoka wapi? Kama jibu ni kwenye mahindi, basi baba anayesema wanunue mbolea ana hoja, ingawa huenda hajawahi kuiona ovaloki. Mashine nzuri inaweza kuwa mkopo mbaya, kwa sababu inalipa polepole na kikundi kinadai haraka. Kukosa marejesho kwa kikundi si jambo dogo kijijini. Waliokudhamini ni majirani, na wengine ndio wateja wako.

Kinachobadilisha hesabu kweli ni kazi za watu wengine. Kama kijijini au kijiji cha jirani kuna mafundi wengine wawili wanaopeleka nguo mjini, wakikuletea wewe nguo 20 kwa mwezi unaongeza 10,000. Toa uzi 2,000, umebaki na 8,000. Lakini waulize kabla ya kununua, si baada. Na usiridhike na jibu la “tutaleta”. Uliza mwezi uliopita walipeleka nguo ngapi.

Wengine hununua kwa pamoja. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi, asilimia 4 ikiwa ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumwona. Mashine ya kikundi ni nafuu, ila ina maswali yake, na afadhali yajibiwe kwa maandishi mapema: inakaa nyumbani kwa nani, nani ananunua kisu kikivunjika, na wiki ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa nani anatangulia.

Ipo pia njia ya katikati. Kuna ovaloki ndogo ya nyuzi tatu inayoweza kufungwa kwenye meza ya kukanyagwa kwa miguu kama cherehani, au kuwekewa mota ndogo. Ni ya polepole na inachoka kwenye kitambaa kizito, lakini bei yake iko chini sana kuliko ya kiwandani, na umeme ukikatika kazi haisimami. Kwa fundi wa nguo 20 kwa mwezi, kwa maoni yetu, hiyo ndiyo ya kuanzia kuitazama. Mwendo wa mishono 5,000 kwa dakika hauna faida kama nguo zenyewe zinaisha kabla ya saa nne asubuhi.

Ukiamua kuchukua ya umeme, soma kibati kilichobandikwa kwenye mota kabla hujatoa fedha. Mashine za mitumba zilizotoka viwandani mara nyingine zina mota ya umeme wa njia tatu, na nyumba nyingi za vijijini zimeunganishwa njia moja. Haitawaka. Nyingine zimetoka nchi zenye umeme wa volti 100 au 110, na wetu ni 230. Hizo zitawaka, kisha zitaungua. Sola ndogo ya taa na kuchajia simu usiifikirie kabisa, kwa sababu mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule unaoandikwa.

Angalia pia aina ya mota. Ile ya klachi huzunguka na kuunguruma muda wote ukiwa umeiwasha, hata unapopanga kitambaa. Ile ya sevo huzunguka unapokanyaga tu. Mota ya wati 400 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa tano kwa siku inakula yuniti 2. Kwa siku 26 ni yuniti 52. Kundi la matumizi madogo la TANESCO lina kikomo cha yuniti 75 kwa mwezi, na ukikivuka bei ya yuniti hupanda mara kadhaa. Kama nyumbani kuna friji, piga hesabu hiyo kabla ya kuchagua.

Dukani nenda na vitambaa vyako mwenyewe: kipande cha tetroni, cha fulana, na cha khaki nzito. Kile kitambaa cha muuzaji kila mashine inakishona vizuri. Mwombe muuzaji atoe nyuzi zote azipitishe upya mbele yako, kisha uzipitishe wewe. Kupitisha nyuzi kwenye ovaloki ndiko kunakowashinda wengi, na mashine nyingi zimefunikwa kitambaa ndani ya nyumba kwa sababu hiyo tu. (Uzi ukiisha, usiuchomoe. Funga uzi mpya kwenye ule wa zamani kwa fundo dogo, kisha vuta taratibu hadi upite.) Uliza kama visu na sindano zake vinapatikana mji wa karibu, maana sindano za ovaloki nyingi si zile za cherehani ya kawaida.

Na ukianza kazi, pini zote zitoke kabla kitambaa hakijafika kwenye kisu. Pini moja inatosha kukivunja. Kitambaa kikijikunja chini bila wewe kuona, nacho kitakatwa, na mguu wa suruali ya mteja hauna dawa.

Mama wa Kilosa ametujibu kwamba ameanza kuandika. Wiki ya kwanza alipeleka nguo tatu mjini. Zamu ya mkopo amempisha mwenzake hadi mzunguko ujao.