Mshipa wa Moyo Hutanuka Kabla ya Kuziba

Mwalimu wa baiolojia mjini Sumbawanga akinunua moyo mzima wa ng'ombe buchani, ataona juu yake mishipa iliyotandaa kama mizizi, aghalabu imefunikwa na mafuta. Hizo ni ateri za moyo, nazo ndizo huulisha msuli wa moyo wenyewe. Katika binadamu, ateri hizo huweza kupatwa na aterosklerosisi: lehemu, chembe za kinga na nyuzinyuzi hujikusanya ndani ya ukuta wa mshipa na kufanya kinundu.

Michoro mingi huonyesha ugonjwa huu kama kutu inayojaza bomba la maji. Mfano huo unapotosha, kwani bomba halina uhai, na ateri inao. Kinundu kinapoanza kubana njia, damu hupita kwa kasi zaidi na kuusugua utando wa ndani. Chembe za utando huo huihisi nguvu hiyo, nazo hutoa kemikali zinazolegeza ukuta na kuujenga upya, hata mshipa ukatanuka kwa nje. Njia ya damu hubaki na upana wake.

Mwaka 1987 Seymour Glagov na wenzake wa Chicago walichapisha vipimo vya mioyo 136 ya maiti. Waliona kwamba njia ya damu haikupungua mpaka kinundu kilipochukua takriban asilimia 40 ya eneo la ndani ya mshipa. Tuchukue njia yenye kipenyo cha milimita 3: ili isipungue kufikia hapo, kipenyo cha eneo lote hakina budi kuwa karibu milimita 3.9. (Mwanafunzi ajihakikishie kwa kanuni ya eneo la duara.) Baada ya hapo upanuzi huzidiwa. Zipo pia ateri ambazo, badala ya kutanuka, husinyaa.

Jambo hili lilikwisha kuonekana kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1972 George Mann na wenzake walieleza mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai. Kuta za ateri zao zilikuwa zimenenepa sawa na za wazee wa Marekani, lakini mishipa ilikuwa imepanuka kupita kiasi cha kufidia unene huo. Mann alikisia kwamba ukakamavu wa mwili ndio uliowakinga. Kwa mkulima wa Ufipa apandaye mteremko kutoka bonde la Ziwa Rukwa, dhana hiyo inavutia. Hata hivyo ni dhana, na watu 50 ni wachache.

Tena, kutanuka si kupona. Vinundu vya mishipa iliyotanuka mara nyingi vina mafuta mengi na gamba jembamba. Gamba likipasuka, bonge la damu huweza kuziba njia kwa dakika chache, kwa mtu ambaye jana alipanda mlima bila maumivu. Hata picha ya eksirei ya ateri, kama zile zipigwazo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Sumbawanga, huonyesha njia ya damu, si unene wa ukuta. Kupima shinikizo la damu, ambalo likizidi huchochea kukua kwa vinundu, hakuhitaji safari hiyo.