Je, Wajua? Hita ya Pikapu, Kutoka Kampala Hadi Kabale

Je, wajua kwamba pikapu yenye hita ina rejeta mbili? Ile kubwa iko mbele, nyuma ya grili, na kila mtu anaijua. Ya pili ni ndogo, na imefichwa nyuma ya dashibodi. Maji yaleyale yanayopoza injini huzunguka ndani yake, feni hupuliza hewa katikati ya mapezi yake, na hewa hiyo hutokea miguuni mwa dereva ikiwa ya moto. Joto hilo halidai dizeli ya ziada. Takriban theluthi moja tu ya nishati ya mafuta ndiyo inayogeuka kuwa nguvu ya kuendesha gari. Iliyobaki, karibu yote, hupotea kwa moshi na kwa maji ya kupozea. Hita huchota kidogo katika kile ambacho rejeta kubwa ingekimwaga hewani.

Watu wa Kampala huuliza: hita ya nini kwetu? Mji uko jirani na ikweta, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na mchana joto hufika nyuzi 28. Jibu limo ndani ya magunia ya viazi. Viazi mviringo vingi vinavyouzwa Nakasero, Owino na Kalerwe hutoka Kigezi, kusini-magharibi mwa nchi. Pikapu inayovifuata huvuka ikweta pale Kayabwe, hupita Masaka, Mbarara na Ntungamo, na baada ya kilomita 400 na ushei huingia Kabale, karibu mita 2,000 juu. Alfajiri huko joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi, ukungu umelala mabondeni, na kioo cha mbele huanza kuwa cheupe kwa ndani kwa pumzi za waliomo. Dereva ambaye hita yake imekufa hufuta kioo kwa kitambaa, mkono mmoja tu ukibaki kwenye usukani, katika kona za kupanda kuelekea Kisoro. Kwa barabara ile, mimi naihesabu hita pamoja na breki na taa.

Je, wajua kwamba mipira miwili ya maji inatosha kukuonyesha ugonjwa uko wapi?

Fungua boneti. Kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na kabini utaona mipira miwili, kila mmoja mnene kama kidole gumba, ikipenya kwenda ndani. Mmoja hupeleka maji kwenye rejeta ndogo na mwingine huyarudisha. Washa injini, iache ipate moto wake wa kawaida, weka hita kwenye joto la mwisho, kisha iguse mipira hiyo kwa uangalifu, mbali na feni na mikanda.

Yote miwili ikiwa ya moto na kabini bado ni baridi, maji yanafika, kwa hiyo kosa liko upande wa hewa: feni haipulizi, au kebo ya kile kitufe cha joto imechomoka na kijilango cha ndani hakifunguki. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, rejeta ndogo imeziba, au ile valvu ya maji iliyopo kwenye magari mengi ya zamani imeganda ikiwa imefungwa. Yote miwili ikiwa vuguvugu tu, acha dashibodi kabisa. Angalia kiwango cha maji, hewa iliyonaswa ndani ya mfumo, na themostati. Kipimo hiki hakihitaji hata spana moja, na kinaweza kukuepusha na gharama ya kung'oa dashibodi bila sababu.

Ukikuta mahali pa mipira hiyo pamezibwa kwa vizibo vya kiwandani, usimlaumu fundi. Baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto hutoka kiwandani bila hita. Hilux zinaundwa Thailand na Durban, miongoni mwa viwanda vingine, na kila soko hupewa vifaa vyake. Japani kwenyewe Hilux haikuuzwa kati ya mwaka 2004 na 2017. Upande wa pili, magari yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani, ambayo hutufaa kwa sababu nchi zote mbili huendesha kushoto, huweza kuwa yalijengwa kwa ajili ya maeneo ya theluji kama Hokkaido, yakiwa na betri kubwa zaidi na hita yenye nguvu zaidi. Hiace nyingi za namna hiyo zina hita ya pili kwa abiria wa nyuma, na mabomba yake marefu hupita chini ya gari, mahali ambapo kutu huyapata kwanza.

Je, wajua kwamba maji huchemka mapema Kampala kuliko Mombasa?

Pwani huchemka kwenye nyuzi 100. Kampala ni 96 hivi, na Kabale ni 93, kwa sababu kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito. Lakini injini ya kisasa hufanya kazi karibu na nyuzi 90, na sehemu nyingine ndani yake huwa na moto zaidi. Kinachoyazuia maji yasichemke ni kifuniko cha rejeta. Kisome juu yake: kimeandikwa 0.9 au 1.1 au namba ya karibu na hizo. Hicho ndicho kipimo cha shinikizo ambalo springi yake hulishikilia kabla ya kuachia. Kwa kifuniko kizima cha 0.9, maji matupu ya Kampala hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Kwa hiyo mpira wa kifuniko ukichanika, kitu cha bei ndogo kabisa, gari zima hurudi kwenye nyuzi 96, na dereva huanza kuilaumu gasketi. Na ndiyo maana kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto: shinikizo likiondoka ghafla, sehemu ya maji hugeuka mvuke wa kuunguza papo hapo.

Je, wajua kwamba themostati iliyotupwa ndiyo huua hita nyingi?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo lenyewe linaniuma. Themostati ni mlango mdogo unaoendeshwa na nta. Mbunifu Sergius Vernet ndiye aliyetengeneza ile ya nta nchini Marekani katika miaka ya 1930. Nta ikiwa baridi ni ngumu, na mlango umefungwa, kwa hiyo maji huzunguka ndani ya injini na hita tu. Ikifika nyuzi 80 na kitu, huyeyuka, hutanuka, husukuma pini, na maji huruhusiwa kwenda kwenye rejeta kubwa. Haina umeme wala kompyuta.

Gereji nyingi za Afrika Mashariki huitoa na kuitupa. Hoja ni kwamba nchi yetu ina joto, na maji yakipita wakati wote injini haitachemka. Matokeo yake ni injini isiyofikia joto lake: hula mafuta zaidi, hulika zaidi, na hita hupuliza hewa isiyopasha mkono wala kioo. Kuna kubwa zaidi ya hilo. Katika injini nyingi za Toyota themostati hufanya kazi mbili: inapofungua njia ya rejeta, chini yake huziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari uliloliondolea themostati ili lisichemke huchemka likipanda mlima na mzigo. Kuipima ni kazi ya jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji ukiwa umeifunga kwa waya, pasha moto, na uangalie kama inafunguka kabla maji hayajachemka. Namba ya nyuzi zake imegongwa kwenye chuma chake.

Dada yake themostati iliyotupwa ni ule mpira ulioungwa. Rejeta ndogo ikivuja, fundi mwenye haraka huiunganisha ile mipira miwili kwa kipande cha bomba na kumwambia mwenye gari kwamba kazi imekwisha. Kuvuja kumekwisha, ni kweli. Lakini hita imekwisha pia, na pamoja nayo msaada wa dharura ambao madereva wa zamani wanaujua: injini ikianza kuchemka kwenye foleni ya Jinja Road au Kibuye, fungua hita mpaka mwisho pamoja na feni yake. Utatokwa jasho, lakini rejeta ndogo itabeba sehemu ya joto mpaka upate mahali pa kusimama. Ikiwa mshale wa joto unapanda na hita ghafla inapuliza baridi, simama mara moja. Maji yamepungua kiasi kwamba hayafiki tena kwenye rejeta ndogo, na kipimo cha dashibodi nacho huweza kudanganya pindi kihisio chake kinapobaki kwenye mvuke.

Je, wajua kwamba hita iliyoziba husafishwa kinyumenyume?

Njia za maji ndani ya rejeta ndogo ni nyembamba, kwa hiyo kutu na chokaa hujikusanya humo kuliko kwingine. Injini ikiwa baridi kabisa, mwaga maji kwenye beseni, legeza klipu, zungusha mpira kwanza ndipo uuvute. Ukiuvuta kwa nguvu, bomba jembamba la rejeta hupinda, na hapo umejizulia kazi ya siku mbili. Mpira uliogoma uchane kwa kisu. Ni rahisi kununua mpira kuliko rejeta. Kisha ingiza maji ya bomba kwa nguvu ndogo kupitia tundu ambalo kwa kawaida maji hutokea. Uchafu ulisukumwa upande mmoja kwa miaka, kwa hiyo hutoka ukisukumwa upande wa pili. Maji ya kwanza huwa kahawia. Endelea, badilisha upande, rudia, mpaka yatoke meupe.

Ikiwa imetoboka, angalia ni ya madini gani. Za zamani za shaba huzibika kwa risasi ya kulehemu, na mafundi wa rejeta wa Katwe wanaiweza kazi hiyo. Za aluminiamu hazishiki risasi ya kawaida, na mara nyingi ni bora kutafuta nyingine Kisekka. Kuitoa huenda ukahitaji kushusha dashibodi yote, maana kiwandani huwekwa ndani mapema, kabla ya dashibodi kufungwa. Penye mifuko ya hewa ya usalama, chomoa betri na usubiri. Toyota husema angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote.

Wakati wa kujaza, milima ya Kampala ni msaada. Egesha pikapu pua ikitazama juu, mahali ambapo breki ya mkono na mawe ya kuzuia matairi vinatosha, hita ikiwa imefunguliwa. Hewa hupanda, na kwa mkao huo hupanda kuelekea mdomo wa rejeta. Jaza taratibu injini ikiwa baridi, washa injini kifuniko kikiwa wazi, bonyezabonyeza mpira wa juu, ongeza kila mapovu yanapotoka, na funga kabla maji hayajawa ya moto.

Wengi hujaza maji ya bomba badala ya kulanti, kwa kuwa Kampala hakuna barafu. Kulanti haikuwekwa kwa ajili ya barafu peke yake. Kwa kubeba joto, maji matupu ni hodari kuliko mchanganyiko wa kulanti. Kinachonunuliwa ni dawa zake za kuzuia kutu, na kutu ndiyo iliyoziba hita. Lakini kulanti ya etilini glaikoli ina utamu, na ni sumu inayoharibu figo. Beseni lisibaki uani penye watoto na mbwa. Harufu tamu ndani ya kabini, ukungu wenye mafuta kwenye kioo na zulia lililolowa miguuni ni dalili za rejeta ndogo inayovuja. Usimwage mtaroni pia: mfereji wa Nakivubo hupeleka maji machafu ya jiji kwenye ghuba ya ndani ya Murchison, na mitambo ya Ggaba huchota maji ya kunywa ya Kampala kwenye ghuba hiyohiyo.

Feni ya hita ikifanya kazi kwenye kasi ya mwisho pekee, usinunue feni. Rezista yake imeungua. Imefungwa kwenye njia ya upepo ili ipozwe, na vumbi jekundu la barabara zetu likijaa hapo, upepo hupungua nayo huungua.

Je, wajua kwamba gari lisilo na maji liliwahi kutawala barabara hizi?

Mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yaliitwa Safari Rally. Volkswagen Beetle, yule anayeitwa Kobe, alishinda mwaka 1962 akiendeshwa na Tommy Fjastad. Injini yake hupozwa kwa hewa, haina rejeta kubwa wala ndogo. Joto la kabini hutoka kwenye hewa inayopita kandokando ya mabomba ya moshi. Bomba likitoboka, moshi wenye sumu huweza kuingia kwa abiria, kwa hiyo aliye na Kobe leo akague mabomba hayo kabla ya kufungua hita.

Na gari la umeme? Kiira EV, lililoundwa Chuo Kikuu cha Makerere na kuonyeshwa mwaka 2011, lilifuatwa na basi la Kayoola la mwaka 2016 lenye sola juu ya paa. Mota ya umeme hupoteza joto kidogo mno, kwa hiyo cha kuchota ni kidogo. Gari la umeme likipanda Kabale alfajiri, joto linalosafisha kioo chake hudai nishati ya betri, na kilomita zilizobaki hupungua.