Kufuli za mkanda wa gitare la besi: tuchague zipi?



Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu anamwagiza mwenye kujenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka. Ukingo unatangulia anguko. Leo tunalipeleka neno hilo mpaka upande wa kwaya, kwa mpigaji wa besi.

Besi ni nzito: nyingi zina kilo 4 hivi, na shingo ndefu inavuta kuelekea chini. Mkanda unashikwa tu na vifungo viwili vya chuma vinavyoingia katika tundu za ngozi. Ngozi ikizeeka, tundu linapanuka. Wakati wa sifa mpigaji anarukaruka, mkanda unachomoka, na kichwa cha gitare kinagonga simenti. Funguo za kukazia nyuzi zinapinda. Pengine shingo inapasuka. Kwetu Kasongo, na zaidi kule Kabambare, kupata kipande cha namna hiyo ni kuagiza Kindu au Bukavu na kungojea. Barabara wakati wa mvua mnaijua. Tena besi nyingi si mali ya anayeipiga: ni sadaka ya kanisa, au imeazimwa kwa jirani, kama lile shoka la 2 Wafalme 6 lililomliza mwenye kuliangusha majini.

Kabla ya kufikiri kununua kufuli, shika kifungo kwa vidole ukitikise. Kikicheza, kufuli ya bei yoyote haitakusaidia, maana itang'oka pamoja na visi yake. Toa visi, jaza tundu kwa vijiti vya kiberiti vilivyopakwa gundi ya mbao, ngojea usiku mzima ikauke, kisha rudisha visi. Fundi seremala yeyote anaiweza kazi hiyo.

Kufuli za kiwandani ziko za namna mbili zinazojulikana sana. Ile ya Schaller, ya Ujerumani, inateleza juu ya kifungo chake na kushikwa na pini yenye springi. Unavuta pini ili kuitoa. Ile ya Dunlop, ya Marekani, inaingia ndani ya kifungo chenye tundu, na unabonyeza katikati ili kuitoa. Zote mbili ni nzuri. Lakini usichanganye kipande cha hii na kifungo cha ile, na usikubali kuuziwa upande mmoja tu. Angalia pia visi zilizomo: zikiwa nyembamba kuliko zile za zamani, tunarudi kwenye vijiti vya kiberiti.

Kwa makanisa yetu tungeuliza jambo moja zaidi: je, kifungo kipya kinaweza kushika mkanda wa kawaida? Vingine vinaweza, vingine haviwezi. Besi inayozunguka kutoka kanisa hadi kanisa juu ya pikipiki itafika siku moja bila mkanda wake, na kama kifungo kinataka mkanda mmoja tu, ibada itapita bila besi.

Asiye na pesa asikate tamaa. Kata kiduara cha mpira wa ndani wa pikipiki, chenye tundu dogo kuliko kichwa cha kifungo. Vaa mkanda kwanza, kisha vuta mpira upite juu ya kichwa mpaka ukae mbele ya ngozi. Weka viwili kila upande. Havipendezi macho, lakini vinashika, na kwa kwaya nyingi za huku hivyo ndivyo tungechagua kwanza. Mpira ukianza kupasuka, kata mwingine.

Kufuli yoyote mliyoweka, ijaribuni juu ya godoro: mmoja ashike mkanda, mwingine avute besi kwa nguvu. Na wenye Schaller wakaze nati ya upande wa mkanda kila Jumamosi kwenye mazoezi, maana hiyo hulegea polepole bila kupiga kelele.