Nani Analipia Jarida la Michezo?

Mwanzoni mwa Januari 2024 kampuni ya Arena Group ya Marekani ilipitisha siku ya kulipa dola milioni 3.75. Deni hilo lilikuwa kodi ya jina. Arena ndiyo iliyokuwa ikiendesha jarida la Sports Illustrated, ila jina lenyewe lilikuwa mali ya kampuni nyingine, Authentic Brands Group, iliyolinunua mwaka 2019 kwa dola milioni 110. Mwenye jina akavunja mkataba, na kabla mwezi haujaisha wafanyakazi wakaanza kupokea taarifa za kuachishwa kazi. Tanzia za jarida zikaandikwa kila kona. Machi akapatikana mpangaji mpya, kampuni ya Minute Media, na nakala za karatasi zikaendelea kutoka.

Hapa kwetu mazungumzo kuhusu magazeti na majarida ya michezo huishia haraka kwenye simu: kila kijana anayo, matokeo yanaingia dakika ileile, basi karatasi imekwisha kazi. Mimi naona simu imebebeshwa lawama nyingi kuliko inazostahili. Ukizifuata fedha za biashara hii, linakuja swali la zamani kuliko intaneti: ni nani hasa alikuwa akilipa?

Sports Illustrated ilianzishwa Agosti 1954 na Henry Luce, mwenye jarida la Time. Ilikula hasara kwa takriban miaka kumi kabla ya kujilipa. Katika miaka hiyo, na mingi iliyofuata, ilifanya jambo ambalo magazeti ya kila siku hayakuweza: ilimpa mwandishi wiki nzima, wakati mwingine miezi, afuatilie mchezaji mmoja au kashfa moja. Hapo ndipo jina lilipojengeka. Baadaye wasomaji waliojiandikisha kupokea kila toleo wakapita milioni tatu. Wengi wao walilipa kidogo mno kwa kila nakala, na waliojiandikisha waliwahi hata kupewa zawadi ya simu ya mezani yenye umbo la mpira wa futiboli ya Kimarekani. Mfanyabiashara gani humpa mteja zawadi ili anunue bidhaa kwa bei ya kutupa? Ni yule ambaye fedha zake zinatoka kwa mwingine. Kampuni za magari, bia na sigara zililipia kurasa kwa kadiri ya idadi ya wasomaji, kwa hiyo kila msomaji mpya, hata aliyelipa senti, aliongeza bei ya tangazo.

Hesabu hiyo ilikaa sawa mpaka watangazaji walipohamia Google na Facebook. Wasomaji milioni tatu, ambao jana walikuwa utajiri, wakageuka mzigo, maana kila mmoja alihitaji karatasi, wino na gharama ya posta, na alichokuwa akilipa hakikufidia hata hivyo vitatu. Jarida la kila wiki likawa la kila wiki mbili mwaka 2018, kisha la kila mwezi mwaka 2020. Novemba 2023 tovuti ya Futurism ikafichua kwamba mtandao wa Sports Illustrated ulikuwa umechapisha makala kwa majina ya waandishi wasiokuwapo duniani, wenye picha za nyuso zilizotengenezwa na akili mnemba. Arena ilisema makala hizo zililetwa na kampuni ya nje. Kwangu mimi maelezo hayo hayapunguzi kitu. Jina lililojengwa na watu waliokesha wakiandika lilikuwa limewekwa juu ya kazi isiyo na mwandishi.

Wengine walianguka bila kelele nyingi. Sporting News ya St. Louis, iliyoanza mwaka 1886, ilisitisha karatasi mwishoni mwa 2012. El Gráfico ya Buenos Aires, shule ya uandishi wa soka kwa Amerika Kusini nzima, ilisimamisha uchapaji Januari 2018, ikiwa imebakiza mwaka mmoja na ushei kutimiza miaka 100. ESPN, pamoja na televisheni na nguvu zote za Disney nyuma yake, ilifunga jarida lake Septemba 2019 baada ya miaka 21.

Sasa twende Ujerumani, kwenye mji wa Nuremberg, ambako jarida la kicker linatolewa mpaka leo Jumatatu na Alhamisi. Lilianzishwa mwaka 1920 na Walther Bensemann, Myahudi aliyeupeleka mpira kila mji aliopita. Mwaka 1933 alilazimika kukimbilia Uswisi, na mwaka uliofuata akafia huko. Jarida lake liliishi. Nakala zake zimepungua sana ikilinganishwa na zamani, na programu yake ya simu ni miongoni mwa zinazotumiwa zaidi na wapenzi wa soka wa Ujerumani, lakini karatasi haijaondoka, na sababu yake ni ya kibiashara kabisa. Kicker hutoa alama. Wachezaji wa Bundesliga hupewa alama baada ya mechi, 1 kwa aliyecheza vizuri kupita kiasi, 6 kwa aliyeiangusha timu. Mashabiki hubishana kuzihusu wiki nzima, na mchezo wa kuunda vikosi vya kufikirika ambao maelfu hushiriki umejengwa juu yake. Mfungaji bora wa ligi hukabidhiwa mzinga mdogo na jarida hilo, desturi iliyoanza miaka ya 1960. Halafu kila kiangazi, kabla ya ligi kuanza, hutoka toleo nene la msimu lenye kikosi cha kila timu, na ndani yake jedwali la kadibodi lenye vijinembo vya klabu ambavyo msomaji huvichomoa na kuvipandisha au kuvishusha kwa mkono wake kadiri msimamo unavyobadilika. Mtu mwenye simu mfukoni, inayompa msimamo huohuo kwa sekunde, bado hulitundika jedwali hilo jikoni. Na amelilipia yeye mwenyewe, kwa bei kamili.

Ufaransa wana kisa chenye funzo la pili. France Football, lililozaliwa 1946, leo linatoka mara moja kwa mwezi tu, tangu 2021. Kwa kipimo cha nakala ni jarida dogo. Ila mwaka 1956 wahariri wake walibuni tuzo, wakawapigisha kura waandishi wa nchi mbalimbali, na Stanley Matthews wa Uingereza akawa wa kwanza kuipokea. Hiyo ndiyo Ballon d'Or. Msomaji wa Kiafrika anaikumbuka zaidi kwa mwaka 1995, ilipofunguliwa kwa wachezaji wasio raia wa nchi za Ulaya wanaocheza barani humo, na George Weah wa Liberia akaibeba mwaka huohuo. Hakuna Mwafrika mwingine aliyeitwaa mpaka sasa. Tangu 2024 UEFA nayo imeingia katika maandalizi, na hafla yake huonyeshwa dunia nzima. Jarida limepungua, tuzo imekua, na kampuni mama inaishi na zote mbili. Watanzania huishabikia hafla hiyo mpaka usiku wa manane, ingawa tangu 2022 kura za tuzo ya wanaume hupigwa na waandishi kutoka nchi 100 za juu katika orodha ya viwango ya FIFA pekee, na Tanzania haimo.

Hapo ndipo ninapouona mpaka kati ya walioanguka na waliobaki. Waliobaki wana kitu wanachokiamua wao: alama, tuzo, orodha, kikosi bora. Na msomaji wao hulipa. Kwamba watu hulipia uandishi wa michezo tunalo thibitisho jingine lisilohusu karatasi hata kidogo: The Athletic, iliyoanza 2016 ikitegemea ada za wasomaji, ilinunuliwa na New York Times mwaka 2022 kwa dola milioni 550. Linganisha na milioni 110 za jina la Sports Illustrated.

Dar es Salaam, meza ya magazeti bado ina watu asubuhi. Simama karibu na kituo cha daladala uone: wanaume kumi wameinama, mikono nyuma, wanasoma kurasa za mbele za Mwanaspoti na Championi, wanabishana kuhusu straika mpya wa Yanga au kipa wa Simba, halafu tisa wanaondoka bila kununua. Kabla ya hapo redio imeshawasomea vichwa vya habari, na picha za kurasa za mbele zimeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp tangu alfajiri. Gazeti la michezo la Kiswahili linasomwa na watu wengi mno. Wanaolilipia ni wachache. Ninavyoona, tatizo hapa si uhaba wa hamu, na anayesema vijana wetu hawapendi kusoma hajasimama kwenye meza hiyo.

Fedha za soka nazo zipo. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na shirikisho la soka la Tanzania, TFF, mkataba wa miaka kumi wa haki za kuonyesha Ligi Kuu kwa shilingi bilioni 225.6. Kampuni za kubeti zimejaa kwenye jezi na kwenye kurasa za magazeti. Wakati huohuo, mwishoni mwa 2020, kampuni ya New Habari ilisitisha uchapaji wa magazeti yake, Dimba na Bingwa yakiwamo. Soka linazidi kupata fedha huku wanaoliandika wakipungua, na sababu mojawapo ni kwamba magazeti yamebaki kushindania tetesi za usajili, bidhaa ambayo ukurasa wa Instagram wa klabu huimaliza saa mbili kabla mtambo haujawashwa. Tangazo la kampuni ya kubeti linasaidia kulipa mishahara ya mwezi huu, nakubali. Lakini ni mtindo uleule wa Sports Illustrated, mlipaji ni mwingine, na siku atakapoona mkeka unasukwa kwenye simu moja kwa moja bila msaada wa gazeti, ataondoka kama walivyoondoka wauza magari.

Kuna kitu kimoja ambacho bado sijakiona mezani, nami ningekinunua bila kuuliza bei mara mbili: kitabu kinene cha kuanza msimu wa Ligi Kuu, chenye vikosi vya timu zote 16, umri wa wachezaji na walikotoka, mabao yao ya msimu uliopita, viwanja na ratiba, kuanzia Simba na Yanga mpaka timu iliyopanda daraja juzi. Nafanya hesabu ya mfano tu. Nakala 20,000 kwa shilingi 5,000 ni shilingi milioni 100, kabla ya kutoa karatasi, uchapaji na fungu la mawakala na wauzaji. Si utajiri. Ni mishahara ya chumba kidogo cha habari kwa miezi kadhaa, imelipwa na mashabiki wenyewe. Na kitabu hicho hakizeeki Jumatatu. Kinakaa saluni ya kinyozi, kwenye kijiwe cha kahawa, kwenye basi la mashabiki wanaokwenda Mbeya au Mwanza, kikifunguliwa kila ubishi unapozuka, mpaka mwisho wa msimu.

Alama za wachezaji zingefuata, kila wiki, zikitolewa na waandishi wanaotajwa kwa majina na waliokuwapo uwanjani. Mwaka wa kwanza zingetukanwa. Kufikia mwaka wa tatu makocha wangekuwa wanazipinga kwenye mikutano ya waandishi, na hapo mchapishaji angejua kwamba ana mali.

Ligi huanza Agosti au Septemba. Kazi ya kukusanya vikosi ingepaswa kuanza dirisha la usajili linapofunguliwa, na inahitaji vijana wawili watatu, nauli za mikoani, na mhariri anayekataa jina ambalo halijathibitishwa.