Saladi baridi wakati wa joto la mwezi wa kumi



Mwezi wa kumi kwetu Katanga kila mtu anaujua. Mvua ingali inachelewa, vumbi limejaa barabarani, na mchana kipima-joto cha Lubumbashi kinafika karibu digrii 32. Katika shimo la wazi, pale mawe yanaporudisha joto la jua, na karibu na tanuru za fonderi, mtu anaona joto kuwa kubwa zaidi. Baba anarudi kutoka kazini, anakuta bukari ya moto na sombe yenye mafuta, anakula matonge mawili, kisha anasukuma sahani. Mama anadhani mumewe ni mgonjwa ao amekula mahali pengine. Mara nyingi si hivyo. Joto limemfukuza njaa.

Mtu anayefanya kazi nzito juani anaweza kutoa jasho la litre moja kwa saa moja. Jasho hilo ni maji na chumvi. Asipokula vizuri siku mbili tatu, anaingia kazini akiwa dhaifu, kichwa kinamzunguka, na mtu wa namna hiyo si mtu wa kupanda ngazi wala kuongoza kamyo. Kwa hiyo chakula cha wakati wa joto ni jambo la usalama, sawasawa na kofia na viatu vya kazi.

Saladi baridi inasaidia hapo. Katika gramu 100 za tango, karibu gramu 95 ni maji, na tomati inakaribia hivyo hivyo. Mboga zina chumvi za mwili na vitamini C, na karoti ina kitu ambacho mwili unageuza kuwa vitamini A ya macho, ikiwa imekuliwa pamoja na mafuta kidogo. Siku ya kupima watoto, mama wengine wananiuliza kama saladi si chakula cha wazungu. Ninawajibu: je, tomati na kitunguu na pilipili mnavyokata kando ya samaki wa kuchoma, jina lake nini? Ni saladi. Tofauti ni kwamba hii ninayoeleza inajaza sahani, na bukari inakuwa kando yake. Lakini haiondoi deni la maji ya kunywa. Kazini mtu anywe kikombe kimoja kila dakika 15 ao 20, hata kama kiu bado haijafika.

Sasa tufike penye shida.

Sombe tunaipika muda mrefu, lengalenga tunaichemsha, maharagi yanakaa juu ya mbabula tangu asubuhi. Moto unaua kila kitu kilichotoka bustanini, hata kama mpishi hakuosha vizuri. Saladi haipati moto. Yale yote yaliyokuwa juu ya jani yanafika mdomoni. Na juu ya jani kunaweza kuwa na vitu vitatu: mikrobi, mayai ya minyoo, na vumbi la madini. Wengi wanafikiri dawa moja inatosha kwa vyote vitatu. Haitoshi, na ndiyo sababu ninaandika leo.

Mikrobi kwanza. Mboga zetu nyingi zinatoka katika bustani za kandokando ya mito, na mwisho wa kiangazi mito ni midogo, maji yake yamechafuka. Mtu anayejisaidia mtoni juu, mwenzake anamwagilia kabichi chini. Hivyo tifoide na kolera zinatembea. Kolera iliingia Afrika ya Magharibi mwaka 1970, ikafika nchini mwetu katika miaka ile ile ya 1970, na tangu hapo haijatoka kabisa. Upande wa Kalemie na Bukama inarudi kila mara. Mwaka 2013 iliwalaza watu wengi hapa Lubumbashi penyewe. Kwa mikrobi hizo, Javel inafanya kazi nzuri, ikitumiwa kwa kipimo. Soma chupa. Ikiwa imeandikwa 5%, tia kijiko kikubwa kimoja cha mezani katika ndoo ya litre 10 za maji safi. Ikiwa 2,6%, tia vijiko viwili. Tumia Javel isiyo na manukato wala sabuni, na isiyokaa juani dukani miezi mingi, maana nguvu yake inakwisha. Osha mboga kwanza, kwa kuwa udongo unakula nguvu ya Javel. Kisha zizamishe zote dakika 15. Kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa. Kuongeza Javel ili "ishike zaidi" ni kuharibu tumbo la watoto. Vinegre na ndimu zinaleta utamu, lakini haziwezi kazi hii. Na wale wanaotia chumvi ndani ya maji ya kisima wakasema mboga imepona, wanajidanganya.

Pili, mayai ya minyoo. Hapa Javel imeshindwa. Yai la mnyoo mkubwa wa tumbo, ule mrefu kama kamba ambao mama wanauona kwa watoto, lina ganda gumu, na linapita katika maji ya Javel likiwa zima. Linatoka katika kinyesi cha watu kinachotiwa bustanini kama mbolea, ao kinacholetwa na maji ya mvua. Kinachofaa ni kusugua kwa mkono chini ya maji yanayotiririka, kumenya ganda, ao maji yanayochemka. Lubumbashi iko juu, karibu metre 1.200, kwa hiyo maji yetu yanachemka yakiwa digrii 96 hivi. Usihangaike, inatosha kabisa.

Kwa sababu hiyo mimi sisifu sana letua. Najua inapendeza mezani siku ya wageni, na sitaki kugombana na wauzaji wa soko la mtaa wa Kenya. Lakini majani yake yana mikunjo mingi, yanakaa karibu na udongo, hayamenywi na hayachemshwi. Kwa familia yenye watoto wadogo, kabichi, karoti na tango ni bora.

Tatu, vumbi la madini. Hili jambo magazeti ya kambi hayapendi kulisema, lakini sisi sote tunaishi ndani yake. Shaba ilianza kuyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Udongo wa kandokando ya fonderi, na wa mito inayopokea maji ya kuoshea madini, umebeba shaba, kobalti, risasi na kadmiumu, na wataalamu waliopima mboga za bustani za huko wamezikuta ndani ya majani. Metali haifi kwa Javel wala kwa moto, kwa kuwa haina uhai. Kile kilicho juu kama vumbi kinaondoka kwa kuosha vizuri mara mbili ao tatu, na kubadilisha maji kila mara. Kile kilichopanda ndani kwa mizizi hakiondoki. Dawa yake iko sokoni, kabla ya pesa kutoka mfukoni: uliza mboga zilimwe wapi. Chagua za bustani za mbali na fonderi, mbali na barabara ya makamyo ya madini. Tena ujue kwamba mboga za majani zinakusanya metali kuliko mboga za matunda. Tomati, tango na maharagi ya kijani yana heri kuliko majani yaliyolimwa mahali pale pale. Karoti imenywe.

Jambo lingine dogo linalonikasirisha: mifuko na mabidoni yanayotoka kazini. Mfuko uliobeba madini haubebi kabichi. Bidoni iliyokuwa na asidi ao dawa za kuoshea madini, hata ukiiosha mara kumi, haiwi ya maji ya kunywa wala ya kuoshea mboga. Naona mabidoni hayo yakiuzwa mlangoni, na bei yake ni nzuri. Yaache.

Sasa saladi yenyewe, kwa watu sita. Tafuta kabichi moja ndogo iliyofunga vizuri, karoti nne, konzi mbili za maharagi ya kijani, matango mawili, tomati nne ngumu, kitunguu kimoja, ndimu mbili, vijiko vitatu vikubwa vya mafuta ya karanga na chumvi. Mawese usiyatumie hapa. Yakipoa yanaganda na kushika meno. Ukiwa na mayai, chemsha manne dakika 10 mpaka yawe magumu, na saladi itakuwa chakula kamili.

Osha mikono kwa sabuni. Osha mboga zote kwa kusugua, hata zile utakazomenya, hata ndimu na kitunguu, kwa sababu kisu kinachopita juu ya ganda chafu kinaingiza uchafu ndani. Tupa majani mawili matatu ya nje ya kabichi. Menya karoti na matango, kisha osha tena kisu na ubao. Wengi wanasahau hapo.

Weka chungu cha maji yenye chumvi kidogo juu ya makala. Yakichemka kwa nguvu, tia maharagi ya kijani, dakika 8. Kisha karoti zilizokatwa vipande vyembamba, dakika 5. Mwisho kabichi iliyokatwa nyembamba, dakika 2 tu. Ikizidi inakuwa mboga ya jioni na vitamini C inakwisha. Tomati zizamishe nzima kwa nusu dakika, utoe ngozi yake, itatoka yenyewe. Vitamini kidogo vitapotea, ni kweli, lakini afadhali hivyo kuliko kitanda cha hospitali.

Kupoza mboga ndipo kazi yote inapoharibika. Mama amechemsha vizuri, halafu anachukua maji ya bomba ao ya kisima, anamimina juu ya mboga ili zipoe upesi. Mikrobi zilizokuwa zimekufa zimerudi zote. Ukitaka kupoza kwa maji, yawe yaliyochemshwa jana na kufunikwa. La sivyo, tandaza mboga katika sinia safi, funika kwa kitambaa chepesi dhidi ya inzi, uache upepo ufanye kazi.

Zikipoa, changanya na matango, tomati na kitunguu kilichokatwa chembamba sana. Mafuta, ndimu na chumvi vinatiwa wakati wa kukaa mezani, si mapema, kwa sababu chumvi inatoa maji ya tango na saladi inakuwa supu. Mayonezi ya kutengeneza nyumbani kwa yai bichi siiruhusu wakati wa joto. Yai bichi katika digrii 30 ni shamba la mikrobi.

Na gamela ya kazini? Saladi iliyokatwa na kutiwa mafuta saa kumi na moja alfajiri, ikakaa ndani ya kabati ya chuma mpaka saa sita mchana, usiile. Chakula kilichokatwa hakipaswi kukaa katika joto zaidi ya saa mbili, na siku ya joto kali sana ni saa moja. Kwa baba anayeingia zamu ya asubuhi, fanya hivi: mpe tango moja zima na tomati mbili nzima, zilizooshwa, zilizopitia Javel, zilizokauka na kufungwa katika kitambaa safi, pamoja na ndimu nzima, chumvi ndani ya karatasi, na yai gumu lenye ganda lake. Atakata mwenyewe wakati wa mapumziko kwa kisu chake cha chakula. Kisu cha kukatia waya kikae mbali. Na wewe baba, kabla ya kukata, vua glovu, osha mikono kwa sabuni mpaka kwenye kucha, na usile pale penye vumbi la kobalti hata kama wenzako wamekaa hapo. Tango lililooshwa na mama kwa saa nzima linaweza kuharibiwa na mkono wako kwa nukta moja.

Pamoja na haya yote, mtu anaweza kuugua. Akiharisha maji meupe kama maji ya mchele, usingoje asubuhi, mlete dispensari usiku ule ule. Njiani anyweshwe litre moja ya maji safi yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya usawa, kidogo kidogo, hata kama anatapika. Homa inayopanda pole pole siku kadhaa, pamoja na kichwa kuuma na tumbo kuuma, isichukuliwe kuwa malaria tu na kutibiwa kwa vidonge vya sokoni. Tifoide iliyocheleweshwa inatoboa utumbo, na hapo ni kazi ya daktari wa kupasua.

Saladi iliyobaki baada ya chakula cha mchana usiitunze kwa ajili ya jioni, labda kama una firigo na umeme haukukatika. Wape kuku.